Siku nane Pemba na kadi ya kliniki: Kisiwa Panza, Makangale, Micheweni, Kojani

Haya yameandikwa baada ya kurudi Unguja, kwa kuunganisha daftari lililoroa maji ya chumvi na picha za simu. Tulikuwa wanne: wauguzi wawili wa chanjo na wawili wa elimu ya afya. Tulifuatana na timu za mkoba za vituo vya huko, zinazopeleka chanjo vijijini. Wao wakichanja, sisi tukikaa na kina mama, na wale wanaowaamulia kina mama, kuzungumza chanjo za mtoto tangu anazaliwa hadi miezi 18. Bei ni za siku tulizopita sisi. Mtakapokwenda nyinyi zitakuwa zimepanda.

Siku ya 1, Jumamosi 5 Julai. Malindi hadi Chake Chake

Julai ni mwezi mbaya wa kuvuka na mwezi mzuri wa kufika. Upepo wa kusi unapiga, na boti ikishaiacha Nungwi nyuma, bahari yote ni yake. Nusu ya abiria waliinamia mifuko. Anayelijua tumbo lake akae nyuma, chini, katikati, na asubuhi hiyo aache chai ya maziwa, ale mkate mkavu. Lakini Julai ndipo karafuu zinapoanza kushika, na karafuu zikishika kina mama hawaonekani kliniki. Ndiyo maana tulichagua mwezi huo tukaiacha Februari, ambayo bahari yake ni tulivu na kliniki zake zimejaa.

Chanjo hatukubeba. Chanjo huchukuliwa kwenye ghala la wilaya huko huko, asubuhi ya kazi, ili njia yake ya baridi iwe fupi. Tulichobeba ni mtoto wa kitambaa aliyejazwa pamba, kadi za kliniki zilizojazwa kwa makosa ya makusudi, vichupa vitupu, na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za kizungu pamoja. Mabango ya rangi tuliyaacha Unguja. Watu hulitazama bango wakalisifu, na swali walilokuja nalo wakarudi nalo.

Gatini Mkoani kalenda ilibaki ndani ya boti. Mchukuzi mmoja alirudi kuitafuta, akaileta imekunjwa vizuri, na elfu mbili tuliyompa akairudisha. "Kalenda tu hiyo, bwana." Gari ya 603 kwenda Chake ilitutoza 2,500 kila mtu na elfu moja kwa mizigo. Njia nzima majamvi yametandazwa kando ya lami, karafuu za mwanzo zinaanikwa, na harufu inaingia garini hata madirisha yakifungwa.

Siku ya 2, Jumapili. Chake Chake, kazi ya barafu

Siku nzima ilikwenda kwenye barafu na simu za masheha, na haikupotea. Anayetaka kufuatana na timu ya mkoba ajue kwamba pakiti za barafu huchukua saa 24 kwenye friza kuganda sawasawa. Pemba ina umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, kwa hiyo hadithi za majenereta ni za zamani, lakini umeme ukikatika usiku hesabu inaanza upya. Gandisha Jumamosi kwa kazi ya Jumatatu.

Kosa linaloua chanjo nyingi ni kudhani kwamba barafu ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora. Pakiti ikitoka friza iko chini sana ya sifuri. Ukiitia moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo, chanjo iliyoigusa inaganda. BCG (ya kifua kikuu), surua-rubella na matone ya polio hazidhuriki kwa kuganda, adui yao ni joto. Penta (sindano moja ya magonjwa matano, kifaduro kikiwemo), PCV (ya nimonia) na sindano ya polio zikiganda zimekufa, na kuziyeyusha hakuzifufui. Kwa hiyo pakiti inaachwa mezani mpaka ukiitikisa karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Asubuhi ya Chake ilichukua kama dakika 40. Baada ya hapo pakiti nne kuta nne, chanjo katikati, sponji juu, na joto la ndani libaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji, tulikuta vichupa vya Penta vimesukumwa hadi ukuta wa nyuma wa jokofu, mahali panapotoa umande mgumu. Muuguzi wa zamu alifanya jaribio la kutikisa mbele yetu. Huchukuliwa kichupa cha toleo hilo hilo kilichogandishwa makusudi na kuyeyushwa, kikatikiswa pamoja na kinachotiliwa shaka, vyote vikawekwa juu ya meza bapa, vikatazamwa kwa nusu saa. Kinachotiliwa shaka kikituama upesi sawa na kile kilichogandishwa, na chembe zikaonekana chini, kinatupwa. Viwili vilitupwa.

Kwa nini mambo ya jokofu yaingie katika elimu ya mama? Kwa sababu mama aliyeambiwa mtoto wake kachanjwa, kisha mtoto akapata kifaduro, hatakuja tena, na jirani zake watano hawatakuja. Tuliamua tangu siku hiyo kuwafundisha kina mama kusoma alama ya joto kwenye kichupa. Ni duara yenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukilingana rangi na duara au kuwa mweusi zaidi, haifai. Alama hiyo inashuhudia joto tu, haisemi lolote juu ya kuganda, kwa hiyo muuguzi bado ana kazi yake. Lakini mama akiisoma mara moja, anakaa kitako kama mnunuzi anayejua samaki mbichi.

Usiku: mkate wa mofa na supu ya pweza, 4,000 kwa mtu, karibu na soko. Wahi kabla ya isha, mofa huisha.

Siku ya 3, Jumatatu 7 Julai. Chokocho na Kisiwa Panza

Sabasaba. Hili lilitupita katika kupanga: sikukuu ya taifa, kituo kimefungwa, na ndoo ya barafu tumeshaiandaa. Tusingeenda kabisa kama si sheha kusema kwa simu, "Sikukuu ndiyo siku njema, wanaume wapo nyumbani." Tukaziacha chanjo ghalani, tukaenda na mtoto wa kitambaa tu.

Gari ya kukodi kutoka Chake hadi Chokocho 50,000, kwenda na kungoja. Mashua ya kuvuka 1,000 kwa kichwa. Nahodha alikataa kututoza wote, akasema wawili watosha. Vaeni viatu vya kuvulika kwa urahisi.

Baraza ilikuwa chini ya mwembe, wanaume upande mmoja, kina mama na kina bibi upande wa pili juu ya mikeka. Swali lilianza kwa mzee mmoja, kwa upole: sindano hizi hazizimi kizazi? Swali hili halijibiwi kwa kucheka wala kwa kukasirika. Aliyekwenda nalo nyumbani bila jibu atalipandikiza kwa wengine kumi. Mwenzetu aliomba jambo moja: kila mama aangalie bega lake la kulia. Kovu dogo, la mviringo, kama punje. Hilo ni la BCG, na programu ya chanjo za watoto ilianza Tanzania 1975, kwa hiyo mama wa miaka 30 aliyekaa pale ni mtoto wa chanjo, na amempakata mtoto. Mmoja akasema, "Mie huyu wa sita." Watu wakacheka, na mzee naye.

Kisha bibi mmoja akapandisha mkono wa gauni bila kuombwa, akaonesha kovu jingine, kubwa, lenye vishimo. La chanjo ya ndui. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizo ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, 1977, pwani hii hii yetu. Ndiyo maana mtoto wa leo hana kovu lile: ugonjwa umekwisha, chanjo yake ikasimamishwa. Tulikuwa tumebeba maneno mengi ya kusema juu ya kinga ya jamii. Mkono wa bibi uliyafupisha yote.

Ushauri kwa wanaokwenda visiwani: tafuta bibi kabla ya kumtafuta mama. Mzazi aliye ndani ya arubaini hatoki. Aliyejifungulia nyumbani atakaa siku 40 ndani, na mtoto naye, na hapo chanjo ya kwanza imechelewa. Hakuna haja ya kugombana na arubaini. Mama abaki ndani, bibi ambebe mtoto. Matone ya polio ya kuzaliwa hutolewa ndani ya siku 14 za mwanzo, zikipita hayo hayatolewi tena, mtoto anaanzia ya wiki ya 6. BCG bado inapokelewa, ila kila siku inayopita ni siku ambayo mtoto yuko wazi kwa kifua kikuu, hasa kile kikali kinacholeta homa ya uti wa mgongo, kinachopenda wachanga. Kina bibi watatu walisema hawakuwa wakijua kwamba wao wanaruhusiwa kumpeleka. Hakuna aliyewaambia. Kadi tu mkononi, basi.

Tulilishwa shelisheli la nazi na changu wa kukaanga nyumba ya sheha. Kulipa ni tusi, peleka sukari kilo mbili.

Siku ya 4, Jumanne. Konde, Ngezi, Makangale

Gari ya 335 kutoka Chake hadi Konde, 3,000, saa moja na nusu pamoja na kusimama kwa magunia. Kutoka Konde tulipakia vitu kwenye gari ya kituo, na ndani ya msitu wa Ngezi gurudumu likapasuka. Kivuli kizito, mbu saa nne za asubuhi, na kibebeo cha chanjo ndani. Jambo la kufanya hapo ni moja: kibebeo kitolewe garini kiwekwe kivulini, na mtu asikifungue "kuangalia". Vijana wawili wa baiskeli, waliokuwa wakienda konde zao, walishuka wakasaidia kuinua gari kwa gogo maana jeki ilizama kwenye mchanga. Saa moja na robo ilipotea. Joto lilipopimwa Makangale lilikuwa nyuzi 6.

Kina mama hawakuwepo. Wapo mikarafuuni tangu alfajiri, wanaookota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, wanaokota, wanaochuma wanachuma. Kosa la miaka mingi ni kuwaita asubuhi. Timu ya huko ilituelekeza kungoja jioni, wakati wa kuchambua, watu wanapokaa kwenye jamvi kutenganisha karafuu na makonyo. Mikono ina kazi, masikio yako huru, na hakuna anayeona amepotezewa pishi.

Hapo ndipo somo lilipojitengeneza lenyewe. Mwenzetu aliweka karafuu sita mstarini juu ya jamvi, kila karafuu safari moja ya kliniki. Ya kwanza, kuzaliwa: BCG bega la kulia, matone ya polio mdomoni. Kisha tatu zilizokaribiana, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kila moja ina Penta paja la kushoto, PCV paja la kulia na matone ya polio. Matone ya rota, ya kukinga kuharisha, yapo wiki ya 6 na ya 10, na wiki ya 14 inaongezeka sindano ya polio paja la kulia, mbali kidogo na PCV. Halafu nafasi kubwa tupu. Halafu karafuu ya tano, miezi 9, surua-rubella mkono wa kushoto. Nafasi nyingine kubwa zaidi, na ya sita, miezi 18, surua-rubella tena.

Mama mmoja aliitazama ile nafasi baada ya karafuu ya nne akasema, "Hapa ndipo tunapopotelea." Kweli tupu. Baada ya wiki ya 14 mtoto ananawiri, kadi inaingia chini ya godoro, na miezi zaidi ya mitano hakuna anayeita. Bibi yake akachukua kikonyo kimoja akakiweka katikati ya nafasi: "Na matone ya vitamini A?" Miezi 6, na kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka mitano. Tangu hapo kila tulipokaa kikonyo kiliwekwa, na sifa ni za bibi yule.

Hesabu ya tarehe tulifundisha kwa arubaini. Arubaini ikitoka, hesabu siku mbili mbele: ndiyo siku ya 42, wiki ya 6. Aliyezaliwa Ijumaa huanguka Ijumaa. Kutoka hapo wiki nne, na nne tena, siku ile ile ya wiki. Anayejua mtoto wake alizaliwa siku gani hahitaji kusoma kadi. Kituo kikiwa hakichanji siku hiyo, siku ya mbele yake ndiyo sahihi. Kuwahi kunaharibu, kwa sababu kati ya dozi na dozi lazima zipite wiki nne kamili. Kuchelewa hakufuti kitu. Mtoto aliyechukua Penta ya kwanza akapotea miezi mitatu anaendelea na ya pili, haanzi upya. Hili tulilirudia kila kijiji, maana kina mama wengi walikuwa wakikwepa kituo kwa kuogopa kufokewa na kuanzishwa mwanzo.

Mama mmoja alipoteza kadi ndoo ilipopinduka. Kituo kina daftari. Jina la mtoto, la mama, mwezi aliozaliwa, dakika kumi likapatikana, kadi mpya ikaandikwa. Kadi ikae ndani ya mfuko wa nailoni ule wanaowekea vyeti vya kuzaliwa, isikae na pesa, kwa sababu pesa hutolewa kila siku.

Tulilala Konde. Chumba 25,000, maji ya ndoo.

Siku ya 5, Jumatano. Tumbe na Micheweni

Chai na mihogo sokoni Tumbe, dagaa wa kukaanga juu, 1,500. Kisha Micheweni kutwa, na kutwa tulizungumza homa.

Ukiwauliza kina mama waliokatisha chanjo kwa nini wamekatisha, wachache watataja dini au kizazi. Wengi watasema: "Kijana wangu alishikwa na homa." Penta huleta homa kwa watoto wengi, siku hiyo hiyo au ya pili yake, na paja huvimba na kuuma. Ni dalili kwamba mwili unajifunza kupigana. Homa huondoka kwa siku moja hadi mbili, uvimbe hadi siku tatu. Mama aliyeambiwa hivi kabla ya sindano humlaza mtoto akangoja. Asiyeambiwa huona mtoto mzima aliyempeleka kituoni akarudi naye mgonjwa, na ana haki ya kuuliza.

Maelezo ya dakika mbili yanayotosha ni haya. Nyonyesha mara kwa mara kuliko kawaida. Mvue mablanketi, mvishe kinguo chepesi. Kitambaa kilichochovywa maji safi ya baridi, kikamuliwe, kiwekwe juu ya uvimbe. Usikande, usipake mafuta ya taa, usifunge majani, usichue. Homa ikimsumbua, parasetamol kwa kipimo alichoandika muuguzi kwa uzito wa mtoto huyu, usitumie kipimo cha kaka yake. Rudi kituoni usiku huo huo mtoto akipata degedege, akilia bila kukoma kwa saa tatu, akishindwa kunyonya, au homa ikipita siku mbili. Na kabla ya kuondoka kituoni kaeni nusu saa, kwa sababu mzio mkali, ambao ni adimu mno, hujitokeza mapema, na dawa yake iko pale pale.

BCG ina kalenda yake. Kiuvimbe cha kwanza hutoweka kwa nusu saa. Wiki mbili baadaye au zaidi kinatokea kipele, kinatunga, kinapasuka, kinakauka na kuacha kovu. Kisipakwe chochote. Surua-rubella nayo ikileta homa na vipele hafifu huja siku ya 7 hadi ya 12, wakati mama ameshasahau sindano na anadhani mtoto ameambukizwa sokoni.

Sindano tatu kwa siku moja iliwatia kina mama huruma zaidi ya hofu. Tulimtumia mtoto wa kitambaa: mama anampakata akimnyonyesha, mkono wake mmoja unashika magoti, sindano mbili za paja moja zinaachiana sentimita mbili na nusu. Mtoto anayenyonya hulia kidogo. Ukizigawa siku tatu, unamliza siku tatu na unalipa nauli tatu. Hoja ya nauli ilipita haraka kuliko zote.

Mafua na kikohozi chepesi havizuii chanjo. Hili lisemwe hata kwa baadhi ya wachanjaji.

Siku ya 6, Alhamisi 10 Julai. Kojani

Mwezi mpevu, maji ya bamvua. Tulifika kwenye kivuko saa tatu asubuhi maji yanakupwa kwa kasi, na mashua ikakwama kabla ya ufukwe. Kilichobaki kilitembewa, tope hadi magoti. Watoto wa skuli walibeba kibebeo kichwani kama kibuyu cha asali, wa mbele anaonesha pa kukanyaga. Anayekwenda Kojani siku za bamvua avuke alfajiri au asubiri alasiri. Maji mafu hayana shida.

Kojani ni kisiwa cha wavuvi wa dago. Wanaume huondoka miezi, Unguja, Tanga, hadi Mombasa, na familia nyingine hufuata. Kwa hiyo maswali ni mawili.

La kwanza: tukihamia ng'ambo kadi hii itafaa? Inafaa. Kituo chochote Tanzania kitaendeleza pale ilipoishia, na muuguzi wa Kenya ataisoma vile vile, majina ya chanjo ni hayo hayo. Kisichosafiri ni daftari la kituo. Kabla ya kupanda mashua, piga picha kadi pande zote mbili, picha ikae kwenye simu ya mama na ya baba.

La pili halikuulizwa kama swali. "Babake yuko dago," alisema mama wa mtoto wa miezi 10 ambaye hakuwa amepata surua-rubella. "Kaniambia ningoje arudi."

"Tumpigie, bibi, kama ni radhi yako?"

Akapiga mwenyewe, akaiweka sauti wazi. Tulimsalimia, tukamweleza sisi ni nani. "Mie sikukataa chanjo, dada," alisema yule baba, upepo unasikika nyuma yake. "Nilichokataa ni kupigiwa simu usiku wa manane mtoto anawaka, na mie niko baharini, sijui kama anakufa au vipi. Ile mara ya kwanza hakuna aliyetwambia kitu." Akaelezwa ya siku ya 7 hadi ya 12, na nani wa kumpigia hapo kijijini, yule mhudumu wa kujitolea wa shehia. Akauliza jina lake mara mbili. Kisha akasema, "Haya, mchanjeni, na mama avute subira."

Surua, shurua kwa wazee, inastahili haraka hiyo. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huambukiza 12 hadi 18, na vijidudu vyake hukaa hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Nyumba za Kojani zimebanana ukuta kwa ukuta. Dozi ya miezi 9 pekee huacha watoto kadhaa katika kila mia bila kinga, maana kinga waliyotoka nayo tumboni kwa mama huweza kuizima. Dozi ya miezi 18, iliyoanza kutolewa 2014, huwashika waliobaki.

Kichupa cha surua-rubella kina dozi kumi, na kikishachanganywa na maji yake kina saa sita tu, kama BCG. Chetu kilifunguliwa saa nne na nusu kwa ajili ya mtoto yule mmoja. Hili lina ubishi katika vituo: wapo wanaomrudisha mama wakimwambia angoje wafike kumi. Wasimrudishe. Dozi tisa zikimwagika ni hasara ndogo kuliko mama aliyevuka tope akaambiwa aje siku nyingine. Siku ile imamu alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya adhuhuri, na hadi saa tisa walikuja watoto wengine watano. Zilizobaki zilitupwa saa kumi na nusu, muda wake ulipokwisha. Tangazo lilikuwa zuri kwa sababu lilitaja mahali, saa ya mwisho na umri wa mtoto. Tangazo la "mama wote wapelekeni watoto" halimwiti mtu.

Sindano zilizotumika huingia kwenye sanduku la usalama bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku likifika robo tatu linafungwa. Tulirudi nalo mashuani, halikuachwa kisiwani.

Siku ya 7, Ijumaa. Chake Chake

Asubuhi kukabidhi orodha. Kila mhudumu wa kujitolea alipewa majina ya shehia yake tu, yamepangwa kwa tarehe ya kurudi na si kwa alfabeti, na pembeni ya kila jina sababu kwa neno moja: dago, karafuu, homa, kadi. Neno hilo ndilo linalomwambia aende na nini mdomoni. Baada ya sala ya Ijumaa hakuna la kuandika: kulala, kufua tope.

Siku ya 8, Jumamosi 12 Julai. Mkoani

Boti ilichelewa saa mbili na nusu. Kateni tiketi ya kurudi mapema wakati wa karafuu. Gatini palikuwa na mama muuza kachori, 200 kimoja, mtoto mgongoni. Aliona kalenda imetokeza kwenye mfuko, akauliza kama inauzwa. Tukamwambia ya nini. Akafungua pindo la kanga, ndani yake noti mbili, na kadi iliyokunjwa mara nne mpaka wino wa mikunjo umefutika.

Mtoto ana miezi mitano. Mstari wa kuzaliwa umejazwa, wiki ya 6, wiki ya 10. Wa wiki ya 14 mtupu. Alisema aliambiwa amechelewa, akaona haya kurudi. Tulimhesabia juu ya sinia la kachori, kachori sita na nafasi zake, akamalizia mwenyewe ya tano na ya sita. Kituo chake kinachanja Jumatatu. Akauliza kama kadi hii iliyochakaa wataikubali. Wataikubali, na akitaka wamwandikie nyingine. Aliikunja mara moja tu safari hii, akaitenga na pesa, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni aliofungia chumvi. Kalenda tulimwachia. Boti ikapiga honi.